Mwanakondoo Aliyeshiba

Masika moja, enzi za Mwingereza, kondoo wetu watatu walizaa ndani ya juma moja kule Kwedizinga. Nilikuwa mke mgeni, mja mzito, na mama mkwe akanikabidhi banda. Kila asubuhi niliwakausha wadogo kwa majani makavu, nikawasogeza kwenye chuchu.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu. Wa tatu alikuwa wifi yangu. Mumewe alikata mkonge Korogwe, na huko walikuwa wamemzika mtoto wao wa siku kumi na mbili. Tangu arudi kwa mama yake hakuwa amesema neno.

Kondoo mmoja alikufa kabla mtoto wake hajasimama. Tukamfukia nyuma ya migomba. Yule yatima nikamlisha kwa kitambaa nilichochovya kwenye maziwa ya ng'ombe. Siku mbili alinyonya vizuri. Siku ya tatu akageuza uso. Nikampapasa tumbo: limejaa, na midomo ina utando mweupe.

Wale kondoo wawili waliobaki walikuwa wakimpiga vichwa kila akisogea.

"Mama, huyu ananyonya wapi?" nikauliza.

Mama mkwe aliacha kupepeta mahindi. "Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

Akatazama upande wa migomba. "Anayekufa ghafla huwa hajui kama amekufa," akasema. "Huyu mdogo akitoka, usimfuate."

Kesho yake adhuhuri mvua ilikatika ghafla, na kimya kikatanda hata kuku hawakusikika. Nikaenda bandani. Mwanakondoo hayupo. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato zake ndogo, zimeelekea nyuma ya ghala. Huko mtu alikuwa akiimba kwa kuguna, wimbo wa kubembelezea mtoto.

Nilikuwa nimeambiwa nisimfuate. Hata hivyo nilikwenda.

Wifi alikuwa ameketi juu ya gunia, amenipa mgongo, kajitanda kanga. Pajani pake vilining'inia viguu viwili vyembamba vyenye kwato.

"Taratibu, wifi," alisema bila kugeuka. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Nilirudi kinyumenyume. Nilipomweleza mama mkwe, alikaa chini pale pale kwenye tope.

"Maziwa yanamuuma," akasema. "Mwanangu, maziwa yanamuuma, na mimi sikumuuliza."

Akainuka, akapika uji, akampelekea mwenyewe. Wanaume hatukuwaambia.

Masika yalipokwisha mume wa wifi alikuja kumchukua. Mwanakondoo alibaki akimlilia kando ya njia siku tatu, halafu akazoea majani.

Nilijifungua kipupwe. Wifi alikuja kutoka Korogwe kunitazama, amenenepa, anacheka. Alinyoosha mikono, nikampa mwanangu. Akampakata, akaanza kuguna wimbo ule ule, taratibu. Nilijiona nimesimama karibu yake mno, mikono yangu tayari kumpokonya. Naye aliona. Akanirudishia mtoto, akaomba maji ya kunywa.