Mkoba wa Yaya

Nimeandika riwaya sita na diwani mbili, zote nikiwa Kanada, na mama hakusoma hata moja. Kiingereza chake kilitosha dukani Tooting, mtaa wetu wa London, basi. Mimi nikashukuru, maana nilimtia kitabuni bila kumwomba ruhusa.

Sisi ni Wahindi wa Mombasa. Tuliondoka mbio, kabla Waingereza hawajatufungia mlango wa kuingia kwao. Asubuhi ya safari, yaya aliyenilea tangu nizaliwe alikuja kuaga. Kwetu ilikuwa desturi: mtumishi akiacha kazi, hupekuliwa. Mama akamsimamisha mlangoni, akamfungulisha mkoba, akatia mkono hadi chini. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona haya ambayo haijanitoka. Hayo nikayaandika katika sura ya nne ya riwaya yangu moja.

Riwaya hiyo ilipopata tuzo, nikaalikwa kuisoma katika maktaba huko huko Tooting. Mama akachukulia ni shughuli. Akakaanga sambusa tangu alfajiri, akaalika vikongwe wenzake: Wahindi wa Nairobi, Waunguja, bibi mmoja wa Pemba. Wakajaa viti vya mbele. Mkutubi, masikini, alikuwa ameshatangaza sura ya nne.

Nilianza kwa Kiingereza. Bibi wa Pemba akanikatiza: "Mwanangu, sisi tumekuja kusikiliza. Sema tukufahamu."

Ningefanyaje? Nikatafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Nilifikiria kuuruka ule mkoba, wallahi nilifikiria, lakini nusu ya watu walikuwa na kitabu mkononi. Nikasoma yote. Sikumtazama mama. Niliogopa atanyanyuka mbele ya wenzake, aondoke, asiseme nami tena.

Hakunyanyuka. Tulirudi kwa basi, yeye kapakata sinia tupu. Tulipokaribia kituo chetu akasema, "Hukuandika nilikuta nini."

"Sikujua, mama. Nilidhani hukukuta kitu."

"Shati lako la shule. Lilikuwa halijafuliwa. Kalikunja, kalikunja, mpaka likawa dogo kama leso. Nikamnyang'anya. Nikamwambia utalihitaji Uingereza."

Sikulikumbuka shati hilo hata kidogo. Nikamuuliza kama nililivaa.

Mama akabonyeza kengele ya basi, akashika nguzo ili asimame.

"Ungelivaaje? Lilikuwa limeshakubana."