Damu ya Shubiri

Kama unataka kumkera Mwatumu, mwambie damu yake ina maji. Jirani yangu huyu, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyekuwa akituuzia kaimati mtaa mzima wa Mayfair, na shira ya sukari anaijua kwa vidole: akiivuta ikatoa uzi, imeiva. Wanafunzi wa filamu wa chuo cha Braamfontein walipolijua hilo, wakaanza kumletea kazi ya kutengeneza damu ya bandia. Shira, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo isije ikafanana na soda. Kidonda alikifinyanga kwa unga wa ngano na mafuta ya mgando, akakipasua katikati kwa kijiti cha meno. Mimi Sumaiya nilikuwa msaidizi wake, maana yake mtu wa kufokewa.

Mwaka 2018, siku ya ishirini na sita ya Ramadhani, tulikuwa uani kwake pamoja na Carmel, msichana wa Kikongo aliyekuwa akitengeneza filamu ya masomo yake. Ilibaki picha moja tu: kijana aliyesingiziwa wizi anapigwa, anaanguka, damu inamtoka mdomoni. Kamera ilikuwa ya chuo, inarudi kesho yake asubuhi. Na picha ilitaka mwanga wa jua. Tukingoja watu wafuturu, mwanga nao umekwisha.

Kijana mwenyewe alikuwa Yasini, mtoto wa kaka yake Mwatumu. Wizi aliujua vizuri, kusingiziwa ndiko kulikohitaji mazoezi. Miaka mitatu alivuta unga, na aliwahi kuapa, msahafu mkononi, kwamba hajagusa simu ya shangazi yake, simu ikaita mfukoni mwake. Desemba aliacha. Mwatumu akampokea kwa sharti moja: uongo mmoja tu, mabegi nje. Ufunguo wa nyumba hakumpa. Aliufunga kwenye pindo la kanga, na mlango aliufunga hata akitoka uani tu.

Sasa Yasini alikuwa amefunga siku ishirini na tano mfululizo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kila siku aliitia alama kwenye kalenda ya jikoni. Hilo ndilo lililomnyima Mwatumu raha. Shira ni tamu. Mwenye njaa akiwekewa mdomoni ataimeza kabla hajajijua. Kwa hiyo akapika damu nyingine, ya wanga na rangi, kisha akaikamulia shubiri, ile ambayo mama hujipaka kwenye titi akimwachisha mtoto ziwa.

"Hii hata ukitaka kuimeza, koo litakataa," alimwambia. "Uangukie ubavu, ufungue mdomo itoke yenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Mama Mwatumu, jua inashuka," Carmel alisema. "Tuko na nafasi moja tu."

Nilishika kipande cha boksi tulichokizungushia karatasi ya foili, nimrudishie mwanga usoni. Yasini akapokea kijiko cha damu, akafumba mdomo. Carmel akainua mkono. Yasini akajipigiza ukutani, akayumba, na badala ya kuangukia ubavu akaanguka chali.

Macho yalimtoka. Kifua kikaruka mara moja, mara mbili. Hakukohoa. Kisha nikaliona koo lake likipanda na kushuka. Ndipo akageuza kichwa polepole, na damu iliyobaki ikamtiririka shavuni hadi kwenye saruji.

"Coupez! Kata!" Carmel alipiga kelele kwa furaha. "Ni muzuri sana! Yasini, haukumeza?"

Nilimtazama Mwatumu. Alikuwa ameliona koo kama mimi. Uso ulikuwa umemkauka, na mkono mmoja umelishika lile fundo la kanga. Niliogopa, wallahi. Kijana alihitaji kutikisa kichwa tu kwamba hakumeza, kalenda yake ibaki nzima, na usiku ule ule angekuwa barabarani na mabegi yake katika baridi ya Juni.

Yasini aliketi, akatema, akajifuta mdomo. Hakumtazama Carmel. Alimtazama shangazi yake.

"Nimemeza," alisema. "Ilinikaba. Ningekohoa, picha ya watu ingeharibika. Nikaimeza makusudi. Leo sina funga, shangazi."

Carmel akaanza kuomba radhi, Mwatumu akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sijui nani alianza.

"Utailipa," alisema. "Siku moja tu, utailipa." Kisha akakumbuka kuwa yeye ni Mwatumu. "Na nani alikwambia uanguke chali?"

Adhana ilikuwa karibu. Alitazama mikono yake, myekundu hadi viwikoni.

"Kaimati ziko ndani, na mimi nina mikono hii. Ufunguo huu hapa pindoni. Fungua wewe."

Yasini alichukua muda kulifungua lile fundo. Alifungua mlango, akarudi, akamnyooshea ufunguo.

"Kaa nao," Mwatumu alisema, akapita kwenda kunawa.