Mtaliana na Gurudumu Lake katika Njia ya Zinga

Mimi chuoni nilitoka kabla sijamaliza juzuu Amma, na hata hivyo haikutoka barua ya tajiri Bagamoyo kwenda kusini isiyopita mkononi mwangu. Nilianza upagazi, nikapanda kwa shingo yangu mwenyewe. Basi alipotua yule Mtaliana kutoka Unguja na chombo chake, nilimtazama kama unavyomtazama kuku aliyepakwa hina.

Chombo chenyewe ndicho babu wa hizi baiskeli za leo: gurudumu la mbele lafika kifuani, la nyuma dogo kama sinia ya pilau, na mtu kakaa huko juu kama kunguru. Akatuambia barazani, kwa Kiswahili cha kuokota bandarini, kwamba kwao alikuwa akilipwa kushindana barabarani, mji hata mji. Alikuwa na nishani, na bega lililounga vibaya. Alipoanguka mara ya mwisho waliokuwa wakimlipa wakamwacha, wakatafuta vijana.

"Ulikuwa umebeba nini?" nikamwuliza.

"Sibebi kitu. Nakimbia tu."

"Na wakulipa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nchi gani hiyo, mtu alipwe kwa kwenda mikono mitupu?

Hakucheka tajiri wa Kihindi, Seth kama tulivyomwita, ambaye barua zake ndizo zilizonilisha. Yeye gurudumu lilimwingia moyoni. Akasema atakayetangulia kufika Zinga, kijiji cha kusini mwa mji, huyo ndiye atakayechukua barua zake siku zote. Mtaliana akakubali upesi. Kanzu ya kuazima aliyovaa ilieleza njaa yake. Nami nikishindwa, narudi kubeba mizigo ya watu, na wa kunicheka walikuwapo tele.

Asubuhi nikatokea na robota la nguo za merikani kichwani.

"Una wazimu?" tajiri akapiga kelele. "Haya mashindano, si safari!"

"Seth, niachie mwenyewe."

Mtaliana alicheka hata nusura aanguke kutoka kule juu. Akaenda zake mbio, kengele ikilia, watoto nyuma yake. Nami nikafuata mwendo wangu.

Nje ya mji njia ni upana wa unyayo, miiba huku na huku. Na kwetu mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Mtupu hupisha, hata awe liwali. Wenye mizigo wakikutana, kila mmoja hutoa bega, "pole na mzigo," "nawe pole," wakapita. Ulikuwa msimu wa kuuza sandarusi, ule utomvu mgumu, na wapagazi walikuwa wakija mjini kundi baada ya kundi. Nikamkuta Mtaliana kashuka, kawa mwekundu.

"Nipisheni! Nashindana!"

"Umebeba nini, Mzungu we?" akauliza mpagazi wa mbele.

"Sina kitu!"

"Basi ingia majanini."

Akaingia, yeye na gurudumu lake. Na kulipanda tena kwataka uwanja wa kulikimbiza kwanza. Uwanja aupate wapi? Akipiga hatua chache, kundi jingine hilo. Nikampita, nikampa salamu yangu.

Nilikuwa Zinga nimekwisha kula muhogo alipofika akilikokota, magoti yanatoka damu.

"Njia hii mbaya," akasema.

"Njia ni nzima. Mbovu ni kazi yako."

Barua zikabaki kwangu. Siku aliyorudi Unguja nilimtolea mpagazi wangu mmoja, bure, nione kwa macho yangu. Mpagazi akajitwika lile gurudumu, akashika njia ya pwani, na kila mtu akaupisha mzigo kwa adabu. Mtaliana mwenyewe akafuata nyuma mikono mitupu, akisukumwa majanini.