Waya Uliopangwa Vizuri Mno

Mtazame anavyoingia langoni mwa kiwanda cha sabuni, begi la vifaa begani, shati limenyooshwa pasi mpaka kola. Huyo ndiye Nadhifu, fundi wa nyaya za mitambo. Jina alilopewa na mama yake wenzake walishalisahau, maana kila waya anaoutandaza hunyooka kama umechorwa kwa rula, na vifungo vya plastiki vinavyoushikilia vyote hutazama upande mmoja. Wageni wakija, meneja huwapitisha kwenye ukuta wenye nyaya zake wajionee.

Leo lakini hana raha. Mashine ya kujaza chupa imekuwa ikisimama yenyewe wiki nzima, na lawama zimemwangukia opereta, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Meneja anasema jamaa anagusa kitufe cha kuzimia huku akili iko kwenye simu. Shemeji ameapa mpaka sauti ikakauka. Nadhifu aliupima waya unaoipelekea mashine maagizo, taa za kipimo zikawaka zote, akatangaza kwamba waya ni mzima. Tena wakati wa chakula akawachekesha watu: shemeji huyu, akasema, hata kwao hufichwa rimoti, asije akazima TV. Shemeji naye alicheka, kidogo.

Asubuhi hii shemeji amepelekwa kuosha kreti, na kwenye mashine amekaa opereta mpya. Roho ikamsuta Nadhifu, akarudi kupima. Ndipo akashtuka: siku zote yeye hupima mitambo ikiwa imezimwa, asimkwaze mtu. Safari hii akaacha kila kitu kizunguke, macho kwenye kipimo. Pampu kubwa ilipoanza kunguruma, maagizo yakaanza kupotea njiani, na mashine ikikosa maagizo husimama. Pampu ikinyamaza, mambo shwari.

Akaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye ule ukuta wa kuonyeshwa wageni. Waya wake mwembamba ulikuwa umekumbatishwa na waya mnene wa umeme wa pampu, kifungo baada ya kifungo, mwanzo hadi mwisho. Alizifunga pamoja mwenyewe, ukuta upendeze. Kumbe ule mnene ulikuwa unaupigia mwenzake kelele sikioni, maagizo hayasikiki. Akakata vifungo, akauvuta ule mwembamba mbali, ukabaki unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Pampu ikanguruma. Mashine ikaendelea kujaza chupa.

Mchana meneja akapita, akampigapiga opereta mpya mgongoni, kisha akamgeukia Nadhifu.

"Si unaona? Kasoro ilikuwa mtu."

Kwa Nadhifu, kukaa kimya kulikuwa rahisi mno; marekebisho yake ya asubuhi ndiyo yalikuwa yamekamilisha ushahidi dhidi ya shemeji. Meneja alikuwa ameshapanda nusu ya ngazi Nadhifu alipomkimbilia na kumwambia kwamba kosa ni lake, waya aliufunga yeye, na alipoupima aliupima vibaya. Meneja akasema opereta wa zamani arudi kesho, na kuhusu Nadhifu wataongea baadaye.

Akaenda kwenye kreti. Shemeji alikuwa ndani ya buti za mpira, povu mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, bosi. Umekuja kulinyoosha povu?"

Nadhifu hakuweza kucheka. Alimweleza yote akiwa ameinamisha macho, hata ule utani wa rimoti akauombea radhi. Shemeji alifunga bomba, akajifuta mikono taratibu.

"Jana dada aliniuliza kama nimeanza kulewa," akasema. "Hayo ameyatoa kwako, shemeji."

"Najua."

"Hebu niambie kitu kimoja. Huyu aliyeletwa hapa kuosha kreti angekuwa mtu baki, si ndugu wa mkeo, ungepanda zile ngazi?"

Nadhifu akainama, akaokota kreti yenye povu na kuanza kuisugua. Wewe uliyemfuata tangu langoni, unadhani angepanda?