Jiwe Halihukumiwi Likiwa Limeloa

Nakumbuka siku moja katika karakana ya mawe kule Kawempe, mwanangu, na waliokuwapo nawataja wote. Mzee Paluku, Mkongomani mwenye karakana, aliyenifundisha kazi. Mama Kisakye, mteja wetu wa Naguru. Mjomba Wafula, aliyekuja kutoka Busia. Wadogo zangu wawili, Neema na Barasa. Na mimi kifungua mimba, niliyeacha shule baba alipofariki. Wiki ile tulikuwa tumemzika mama.

Mezani palikuwa na bamba la mti uliogeuka jiwe, la kupamba ukuta wa sebule ya Mama Kisakye, lizungukwe na vipande vya akiki. Nililimwagia maji kuondoa vumbi. Rangi zikachomoza: wekundu wa udongo, manjano ya asali, na miviringo ya umri wa mti, mmoja ndani ya mwingine. Sote tukaliinamia. Hata leo, baada ya mawe mengi, rangi zile hazijanitoka.

Barasa akagusa kitundu kidogo. "Dada, mdudu alikula jiwe?"

"Alikula mti, baba," Mzee Paluku akamjibu. "Mti ukafukiwa, maji ya ardhini yakaingia na madini yake. Chembe ya mti ikiondoka, chembe ya jiwe inakaa palepale. Hata mlango wa mdudu haukusahauliwa."

"Katonda wange, Mungu wangu," Mama Kisakye akanong'ona, kama aliye kanisani. "Na mimi hata jina la bibi wa bibi yangu silijui. Nifungieni, nalichukua hivi hivi."

"Bado, nyabo, mama yangu," Mzee Paluku akamzuia. " Jiwe likiloa linadanganya. Ngoja likauke."

Ndiyo desturi ya kazi yetu: maji huficha mikwaruzo. Tukangoja. Lilipokauka, ikatokea michirizi kama ya kucha za paka.

"Kumbe lilikuwa limejipodoa," Mama Kisakye akasema, na tukacheka.

Mjomba hakucheka. Alishika begi la watoto mkononi. "Basi la Busia halingoji mawe yakauke. Neema naondoka naye, Barasa nitampitisha kwa shangazi yake Jinja, abaki huko. Dada yao ameshakubali."

Mzee Paluku akaweka msasa chini. "Ulikubali lini, binti?"

"Juzi, makaburini."

"Ukiwa umeloa." Akalipapasa bamba. "Jiwe tu hatulitoi likiwa limeloa. Wewe unatoa watu?"

Nilitazama lile bamba. Mti ulikufa, lakini kilichoshika nafasi yake hakikupoteza hata kitundu kimoja. Nikalichukua begi mkononi mwa mjomba, taratibu, kwa sababu mkubwa hapokonywi.

"Nisamehe, mjomba. Neno la juzi lilisemwa na machozi. Hawa watabaki nami."

"Utawalisha mawe?"

"Nitawalisha kwa mawe."

Akaondoka akinung'unika, ila Krismasi alituletea mahindi. Neema sasa anafundisha Kasubi, na Barasa ana watoto wake. Siku nyingine tulilala na uji mtupu, sikufichi. Lakini tulilala chini ya paa moja.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, na neno ni hivyohivyo; langu nililizoa kwa bahati tu. Ukiwa na msiba, au na furaha kubwa, ambayo nayo hulowesha, usimpe mtu jibu la mwisho. Sema, "Ningojee nikauke." Atakayekataa kungoja, mwulize anaogopa uone mikwaruzo gani. Na ukishika nafasi ya aliyeondoka, ishike chembe kwa chembe; hata jiwe halikuwa jiwe kwa siku moja.

Mungu akupe machozi ya kuwalilia walio wako, na siku ya kuamua akupe macho makavu.

Mimi bado nina deni. Mzee Paluku alipamba kuta za watu, lakini ukuta wa chumba chake ulikuwa mtupu, nami nilimwahidi bamba moja. Alirudi kwao Kongo kabla sijalimaliza. Ninalo hapa, msasa wa mwisho umeshapita, limekauka na linang'aa. Ukuta wake sijui uko wapi.