Wifi Yangu na Ukungu Wake

Wifi yangu alikuwa mtu pekee Maskati aliyefurahi mkate ukiota ukungu. Sisi wengine tukiuona tunakunja uso. Yeye anauchukua kwa ncha za vidole, anautia kwenye kikopo, anaandika tarehe na jina la mwenye mkate. Jamaa zetu wa Qurum walimwekea ndimu zilizooza, na kila akenda kuzichukua walimtania kwamba msomi wa chuo kikuu amegeuka mzoa taka. Alicheka nao, akachukua ndimu zake, akaondoka. Nyuma ya gari lake dogo hamkukosekana chupa za tope la falaji, ile mifereji ya maji ya mashambani, na mchanga wa chini ya mitende.

Mwanzoni sikumpenda sana, nasema kweli. Tulikaa nyumba moja Al Khoudh: mimi na mume wangu, mavyaa yangu, yaani mama wa mume wangu, na huyu wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mkavu wa maneno. Ukimuuliza kama chakula kitamu, atakwambia chumvi imezidi. Lakini katikati ya miaka ya tisini binti yangu wa pekee, mwenye umri wa miaka sita, akapatikana na saratani ya damu, na ndipo nilipoanza kumtazama wifi kwa jicho jengine.

Madaktari watatu walikuwa wamenieleza maradhi yale na sikushika kitu. Wifi alinieleza jikoni, huku tunamenya vitunguu.

"Chembe nzima za mwili zinajipikia zenyewe," alisema. "Hizi za maradhi hazijui kupika, zinakula cha kuomba kwenye damu. Sasa iko dawa, ni kimeng'enya. Kazi yake kukimaliza kile chakula kwenye damu. Zenye kujipikia zinaishi. Hizi ombaomba zinakufa njaa."

Dawa hiyo hutokana na bakteria. Mara za mwanzo binti yangu aliipokea vizuri. Kisha siku moja, sindano haijapoa, uso ukamvimba, pumzi zikambana, wauguzi wakaja mbio. Daktari akaisimamisha dawa, akasema mwili umeikataa na watatafuta njia nyengine. Nilirudi nyumbani nimeshika viatu vya mtoto mkononi, wala sikumbuki kwa nini alikuwa peku.

Wifi alikuwa amesoma kwamba baadhi ya ukungu nao hutoa kimeng'enya cha namna ile, na kwamba wataalamu wanatumai huenda mwili usigombane nacho kama unavyogombana na kile cha bakteria. Akaomba ruhusa chuoni akitafute katika ukungu wake. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Hata nikikipata, wifi, ni kazi ya miaka mingi. Si dawa ya huyu mtoto." Mimi nilisikia "nikikipata", basi. Mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nikawa namfuata maabara asubuhi, mtoto akiwa na bibi yake. Sijapata kuona mtu anafanya kazi vile. Alimimina uji wa kulishia ukungu kwenye visahani vya kioo, uji wa manjano, ukiganda anagusa katikati yake kwa ncha ya sindano yenye ukungu, anafunika, anaandika. Ukungu wenye kimeng'enya ungezungukwa na duara la waridi. Visahani kwa mamia vilibaki manjano. Alivitazama kila kimoja, akaandika "hapana", akaviosha mwenyewe ijapokuwa wafanyakazi walikuwapo, akaanza upya. Mimi ningekwisha kuvivunja vyote. Na katika kila fungu aliacha visahani vitatu vitupu, uji mtupu bila ukungu. Nilimuuliza vya nini. Akanijibu, "Vya kunizuia mimi." Sikumuelewa, na sikutaka kumsumbua.

Ikaja Idi Kubwa, na mwaka ule iliangukia kwenye joto. Jengo la maabara likatangazwa kukatiwa umeme kwa matengenezo siku zote za mapumziko. Wifi hakutaka fungu lake jipya liungue, akalileta nyumbani, akalipanga kwenye kabati la jikoni, kwa sababu jikoni kulikuwa na kiyoyozi na mtoto alikuwa haruhusiwi kuingia. Alituomba tusilifungue bila haja.

Sasa, Idi bila biskuti si Idi, na kwa mavyaa yangu biskuti bila amonia si biskuti. Ni ule unga mweupe wa kuumulia, unaonuka mpaka machozi yanatoka. Alikuja na mapishi yake kutoka Unguja, na asingekubali hamira wala kitu chengine. Siku ya Arafa nilikanda na kuoka kutwa nzima. Nilipomaliza, nimechoka hoi, nikairudisha pakiti ya amonia kabatini. Sikuifunga. Na kabati ni lile lile.

Asubuhi ya Idi, baada ya alfajiri, wifi akalifungua. Nilikuwa nyuma yake, nywele zimelowa, kanga ya ndani bado mwilini. Visahani vimekuwa waridi. Safu ya kwanza yote waridi, safu ya pili waridi.

Nilipiga ukelele. Mavyaa akaja na tasbihi mkononi, akaona, akaachia vigelegele utadhani tuna harusi. Mume wangu akakimbilia simu kuwapigia jamaa wa Qurum. Mimi nilikaa chini sakafuni pale jikoni nikalia kwa furaha, nikasema Alhamdulillahi, mwanangu atapona, mwanangu atapona. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu.

Wifi hakuvigusa vile vya mbele. Aliingiza mkono mpaka mwisho wa kabati, akavitoa vile vitatu vitupu, akavipanga mezani mbele yetu. Navyo vilikuwa waridi.

"Hivi havina kitu ndani," alisema.

"Labda ukungu umerukia," nikamwambia. "Umeingia wenyewe."

Akainama, akanusa kabatini, akaitoa ile pakiti.

"Kimeng'enya kikifanya kazi kinatoa amonia, na amonia ndiyo inayogeuza rangi. Hii imevipaka vyote, wifi. Hatuna tulichokiona."

"Hata kimoja? Huwezi kujua, pengine kimoja kina kweli."

"Pengine. Lakini sijui, na mtu asiyejua haandiki kwamba anajua."

Nikamwambia neno ambalo mpaka leo naliona haya. Nilimwambia aviache hivyo hivyo, hata siku tatu za Idi tu, watu wafurahi, kwani vinamdhuru nani? Akalitoa daftari lake mkobani. Alikwisha kuandika namba za visahani tangu juzi. Akapiga mstari juu ya fungu zima, polepole, akaandika chini yake kwa nini. Kisha akakaa sakafuni pamoja nami na nguo yake mpya ya Idi, akalia kuliko mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa akitumai siku zote zile, na kwamba mstari ule alijipigia mwenyewe.

Hakunilaumu kwa pakiti. Alilirudia fungu lile baada ya Idi, na vyote vikabaki manjano.

Wiki chache baadaye daktari alituita hospitali. Dawa ya jamii ile ile, ya bakteria mwengine, imepatikana kutoka nje. Inaweza kumfaa, na inaweza kumfanya kama ile ya kwanza. Ilitakiwa saini. Mume wangu akanitazama mimi. Mwezi ule kila mtu alikuwa akinihakikishia, atapona huyu, usiwe na wasiwasi, na sikuweza kumuegemea hata mmoja wao. Nikampigia wifi.

"Itamsaidia?"

"Sijui, wifi."

"Itamdhuru?"

"Yawezekana. Lakini angekuwa mwanangu, ningetia saini."

Nikatia. Mwili wa binti yangu uliikubali dawa ile, akamaliza matibabu, na sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Wattaya na gari analoendesha kwa fujo. Ukungu wa wifi haujawa dawa ya mtu. Miaka ya elfu mbili ilipoingia alikuwa bado anautafuta, na visahani vyake vitatu pembeni.

Lakini siku ile ya saini hatukuyajua hayo. Muuguzi alikuja na sindano ya paja, ile inayochomwa ndani kabisa. Binti yangu akanishika mkono, akaniuliza, "Mama, itauma?" Tangu augue nilikuwa namjibu haiumi, na kila mara ilimuuma, na kila mara alinitazama baadaye kwa macho ambayo sikuweza kuyakabili.

"Itauma sana," nikamwambia. "Mimi nipo."

Akafikiri kidogo. Kisha akalifunua paja mwenyewe.