Basi Lisilofuka Moshi

Mimi ni mdadisi, sikatai. Siku mji wetu wa Shinyanga ulipoleta mabasi mawili mapya ya abiria, miaka ile ya tisini, wenzangu walipanda kujaribu viti. Mimi nilizunguka nyuma, nikainama kwenye bomba la moshi la mojawapo na leso yangu nyeupe. Injini ilikuwa inaunguruma. Niliishika leso pale mpaka mkono ukapata joto, kisha nikaigeuza huku na huku. Kulikuwa na alama ya kijivu tu, kama umeipangusia kidole chenye jivu.

"Jamani, moshi wake umekwenda wapi?" niliuliza kwa sauti. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kuendesha basi lile, la njia ya Kolandoto, alinivuta kanga. "Mama watoto, utaniaibisha mbele za watu."

Bwana mmoja wa ofisi ya mji alinieleza kwamba mabasi yale yalichaguliwa makusudi kabisa: injini yake inaichoma dizeli yote, haibakizi ya kututupia usoni. Nilimuuliza maswali mpaka akaanza kutazama saa yake. Nilikuwa na sababu. Nina pumu tangu utotoni, na kila wiki nilikuwa nakwenda kliniki Kolandoto. Basi kuukuu la njia ile lilikuwa linafuka hadi ndani, kupitia sakafuni. Nikilipanda nashuka hali mbaya kuliko nilivyopanda. Kwa hiyo nilikuwa nabebwa kwa baiskeli, jua langu, vumbi langu. Sasa mume wangu angenipeleka mwenyewe, nimekaa kiti cha mbele kama mke wa mkuu wa mkoa! Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Kumbe nilifurahi mapema. Abiria hawakupanda. Wiki ya kwanza, ya pili, wanalizunguka basi jipya, wanasema zuri kweli, halafu hao, wanakwenda zao kwenye lile kuukuu. Mume wangu alikuwa anakwenda Kolandoto na kurudi na watu watatu, mmoja wao kondakta wake. Ofisini wakamwambia wazi: lisipopata watu kabla mvua hazijaisha, litaegeshwa, naye atafute pa kwenda. Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kule kiwanda cha pamba alikotoka, kubeba marobota. Kazi hiyo ilishamharibu mgongo. Akawa halali vizuri, na chakula anakichezea tu.

Nilikasirika, lakini udadisi wangu ulizidi hasira. Asubuhi moja nikaenda stendi, nikaketi karibu na mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambaye kila siku alikuwa akipeleka gunia lake Kolandoto na kulipita basi letu kama halioni.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka."

"Mbona hupandi lile jipya?"

Alinicheka. "Lile? Yaya, hapana! Lile halina nguvu."

"Umejuaje, na hujalipanda?"

"Bhebhe, wewe! Kwani umekulia wapi? Hujaona malori ya pamba yakinasa kwenye tope la mbuga? Dereva akikanyaga mafuta, likatoa moshi mweusi tii, ujue hilo linatoka. Lisilotoa moshi linalala hapo hapo siku mbili. Pafukapo moshi pana moto, dada. Lile halifuki, moto wake uko wapi? Likinasa na mvua hizi, gunia langu atalibeba nani? Wewe?"

Malori hayo nilikuwa nayajua sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nayapigia makofi utotoni, huku nimejiziba pua. Niliuliza watu wengine wanne pale stendi, jibu likawa lile lile. Aliyelisifia basi letu ni Mhindi mwenye duka la vitambaa tu, maana letu likipita hakuwa na haja ya kuondoa mlangoni majora yake meupe. Lakini yeye alikuwa na gari lake.

Jioni nilimsimulia mume wangu, nacheka mpaka machozi yananitoka. "Sasa si uwape huo moshi wao?" nikamwambia. Mzaha tu, haki ya Mungu.

Hakucheka. "Wote walisema hivyo?"

"Wote."

Siku ya kliniki nilivaa gauni jipya, nikachukua kadi yangu, nikaenda stendi. Kwa mbali niliona moshi mweusi juu ya mapaa ya soko, nikajua ni lile kuukuu. Halikuwa kuukuu. Watu walikuwa wamelizunguka basi letu wanapiga makofi. "Limepona!" walisema. "Sasa limepona!" Yule mama wa michembe alikuwa ameshakaa dirishani, ananipungia. "Dada, njoo! Sasa lina nguvu!" Lilikuwa limejaa, isipokuwa kiti cha mbele. Hapo mume wangu alikuwa ameweka koti lake, kunishikia nafasi.

Nilisogea hatua chache tu, kifua kikakaza. Nilikohoa mpaka nikainama. Mume wangu aliruka chini akaja mbio, mikono yake ina grisi.

"Nilikata ule waya unaofunga pampu ya dizeli," alisema kwa sauti ya chini. "Nikazungusha skrubu moja tu, imwage dizeli nyingi. Naweza kuirudisha sasa hivi."

"Dereva, twende!" watu walipiga kelele nyuma yake.

Nilimtazama. Alikuwa amesimama wima, mgongo umenyooka, sikuwa nimemwona hivyo kwa wiki nyingi. Nilijichukia kwa ule mdomo wangu. Nikapata pumzi kidogo, nikamwambia, "Nenda. Kiti changu mpe mwingine."

Nilikwenda kliniki kwa baiskeli, kama zamani. Tulipotoka nje ya mji mwendeshaji akageuka, meno yote nje. "Mama, umeliona basi la mji leo? Sasa hilo ndilo basi!" Nilikuwa nimejiziba mdomo na pua kwa kanga, maana moshi wa mume wangu ulikuwa bado umetanda barabarani.